Mwaka wa Vitabu vya Caritas

Mwishoni mwa mwaka 2015 Caritas alirudi nyumbani kwake Newburg, mtaa wa jiji la Louisville nchini Marekani, na karatasi ya maktaba ya shindano la kusoma la mwaka 2016. Ilikuwa na visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi, na sharti moja tu: kila kitabu kiwe kimetimiza miaka mia tangu kiandikwe. Caritas alikuwa na miaka arobaini na mitatu, alifunga maboksi kwenye ghala la mizigo, na shule yake iliishia darasa la sita katika kambi ya wakimbizi Tanzania.

Alimpigia simu binamu yake Leopoldi, aliyekuwa mwalimu kambini na sasa anaishi Columbus. Leopoldi alimshauri aanze na vitabu vya watoto, maana Kiingereza cha zamani kinawashinda hata waliozaliwa huku.

"Vya watoto nimeshasoma na wanangu, kaka," Caritas alisema. "Nataka vile ambavyo watu wazima wanavisifu."

Jumamosi alipanda basi kumfuata. Walikaa mezani mchana kutwa wakigawa kurasa kwa siku. Vitabu vyembamba waliviweka Novemba na Desemba, miezi ya ovataimu, na riwaya nene ya Kirusi wakaipa miezi miwili ya kiangazi, pamoja na kitabu kimoja kifupi. Saa ya kusoma ingekuwa mapumziko ya chakula kazini.

Mpango ulipokamilika, Caritas alimsomea kwa simu dada yake Fides, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli huko Buffalo. Fides alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi je?" aliuliza.

Fides hakujua kusoma. Kambini ilibidi binti mmoja ashinde kwenye foleni ya maji na mgao, na mkubwa alikuwa yeye. Miaka yote hiyo Caritas hakuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo, wala yeye mwenyewe hakuwahi kuliuliza. Alilia kidogo, akaichana karatasi ya mpango na kuanza upya. Kila Jumapili baada ya ibada angempigia Fides na kumsimulia kwa Kiswahili alichosoma wiki nzima. Leopoldi alionya kwamba kwa mwendo huo kumi na viwili havitafika. Caritas alimwambia visipofika, basi.

Kitabu cha Januari kilimhusu mjane aliyekataa kuuza shamba. Jumapili ya pili Fides alimkatiza. Huyo shemeji wa mjane si alishazikwa? Mbona leo anadai shamba? Caritas alirudi nyuma kurasa sitini, akagundua kwamba wanaume wawili wenye jina moja la ukoo amewafanya mtu mmoja. Jumapili iliyofuata alikiri kosa na kusimulia upya tangu mwanzo. Tangu hapo alisoma akiwa na kalamu mkononi, akiandika nani ni nani, kwa sababu alijua ataulizwa.

Hadi Desemba alikuwa amejaza visanduku tisa. Zawadi ya maktaba walipewa waliojaza vyote, na yeye aliwapigia makofi kisha akaomba karatasi ya mwaka 2017. Fides wakati huo alikuwa ameanza darasa la watu wazima katika kanisa moja la West Side, huko huko Buffalo, na alishaweza kuandika jina lake na la mtaa wake.

"Safari hii usipange peke yako, mdogo wangu," alisema. "Subiri nije Louisville, tukachague pamoja."