Usingizi wa Saa Nne Asubuhi

Ummi, afisa wa kukagua nyumba za kulelea watoto, alipofika kwa Bi Jumwa pale Ukunda alikuta choo safi, maji yamefunikwa na mikeka mipya. Kilichobaki ni kumwandikia kibali. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi, na watoto wote walikuwa wamelala.

"Wamecheza wakachoka, mwanangu," alisema Bi Jumwa.

Nzi alikuwa akimtembelea mtoto mmoja mdomoni, na mtoto hatikisiki. Shaka ikamwingia Ummi.

"Basi nitangoja waamke, mama."

"Watachelewa hao," Bi Jumwa alijibu upesi, akivuta leso yake.

Ummi akamnyanyua yule mtoto. Shingo ilikuwa imelegea, na pumzi zilinuka dawa ya kikohozi.

"Umewanywesha nini?"

"Kidogo tu. Wanalia mno, nami niko peke yangu."

Ummi hakugombana naye. Aliita gari la zahanati, akaketi mkekani akiwatikisa na kuwaita mpaka likafika. Alasiri, walipoanza kulia mmoja mmoja, ndipo aliposhusha pumzi. Kibali hakikutoka, na nyumba ile ikafungwa.