Mtulinga wa Mjukuu

Wanafunzi walimwita Mama Mifupa, wakitania kwamba hata akiandaliwa nyama, kwanza huuliza mfupa umetoka wapi. Alifundisha udaktari wa mifugo, na utafiti wake ulikuwa wa mfupa mmoja tu: mtulinga, ule wa kati ya koo na bega. Aliletewa vijusi vya kondoo kutoka machinjioni, akavikata vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu na kuvichungulia kwa hadubini. Katika kijusi cha kondoo mtulinga hujitokeza kidogo, kisha huyeyuka kabla mwanakondoo hajazaliwa. Wa paka hubaki, mdogo kama mwiba, umeelea nyamani. Wa binadamu huanza kuwa mgumu kabla ya karibu mifupa mingine yote.

Siku binti yake wa pekee aliposhikwa na uchungu, aliiacha maabara akaenda hospitali kumshika mkono.

Kichwa cha mtoto kilitoka, kisha kikarudi ndani kama cha kobe.

"Usisukume, dada!" mkunga alipaza sauti. "Bega limekwama. Mama, shika goti hili. Baba, lile. Vuteni hadi kifuani!"

Mkwe wake, baba wa mtoto, alivuta huku akilia. Mkunga msaidizi alikandamiza tumbo la chini. Mkunga aliingiza mkono kuutafuta mkono wa mtoto, asiufikie. Uso wa mtoto uligeuka zambarau. Mama Mifupa alijikuta akiomba jambo la kichaa: mfupa ule uyeyuke sasa hivi, kama wa mwanakondoo, mabega yajikunje yapite.

Mkunga alimtazama. "Nimebakiwa na njia moja, kuuvunja mtulinga wake."

"Vunja."

"Mama, anavunja nini?" binti aliuliza. "Mama!"

"Vunja upesi!" Mama Mifupa alimhimiza mkunga.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa njiti ya kiberiti ikivunjika. Mtoto akateleza nje, mlegevu, kimya. Wakampeleka mezani, wakambana barakoa usoni na kumpulizia hewa. Mama Mifupa alihesabu pumzi ambazo hazikuwa za mtoto. Akakaa sakafuni. Ndipo kikasikika kikohozi, halafu kilio chembamba, cha hasira.

Jioni daktari wa watoto alimpima mtoto. Mfupa utaunga wenyewe, alisema, ila mkono wa kulia hausogei. Mishipa ya fahamu imevutika. Akaubana mkono wa fulana ya mtoto kifuani kwa pini, akaondoka.

"Mkono utaamka?" binti aliuliza.

Maisha yake yote mama huyu alikuwa na jibu la kila swali la mifupa.

"Sijui, mwanangu."

"Ulisema vunja. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Binti aligeukia ukutani, akalia bila sauti. Mtoto naye akaanza. Mkwe alisimama katikati, asijue amwendee yupi.

"Mbebe wewe," binti alimwambia mama yake hatimaye, bado amekipa chumba kisogo. "Mimi naogopa kumuumiza."

Mama Mifupa aliogopa pia. Akapitisha kiganja chini ya shingo ya mtoto, polepole, akamwinua.