Kikapu Juu ya Mdoriani

Tawi la kwanza lilianguka Ijumaa mchana, wanaume wakiwa wameshakwenda msikitini. Kidawa alikuwa ametoka jikoni kufuata chumvi nyumba kubwa. Hajafika hata kizingitini, akasikia mshindo kama gunia la mawe limemwagwa juu ya bati. Alipogeuka, jiko la uani halikuwa na paa. Tawi nene kama kiuno cha mtu lilikuwa limelala juu ya mafiga, na mchuzi wa samaki unachirizika kwenye majivu.

Lilitoka kwenye mdoriani. Mti ule ulikuwepo kabla ya nyumba, kabla baba yake Kidawa hajanunua shamba lile karibu na Kizimbani, na hapakuwa na mtu aliyejua nani aliupanda. Mikarafuu iliyouzunguka ilionekana kama majani ya mchaichai mbele yake. Msimu wa matunda watoto hawakuruhusiwa kupita chini, maana doriani, zito na lenye miiba, likimwangukia mtu kichwani hana neno la pili. Sasa matawi mengine matatu makavu yalikuwa yameinamia nyumba, na chumba cha nyuma kilichokuwa chini yake ndimo alimolala Shadya, binti wa Kidawa, na mtoto wake wa siku ishirini. Jioni ile ile Kidawa akawahamishia chumba cha mbele.

"Tumwite Ame," alisema Mcha, kaka yake. "Tuunge ngazi mbili kwa kamba. Akishafika penye panda, atajimudu."

Kidawa akautazama mguu wa kaka yake. Zamani Mcha alikuwa mchumaji karafuu asiye na mfano, mpaka siku tawi la mkarafuu lilipokatika naye. Miaka ishirini na miwili imepita. Alitembea kwa mkongojo, na tangu siku ile hakuwahi kupanda hata juu ya kiti kubadilisha taa.

"Ngazi mbili zikifungwa kamba haziwi ngazi ndefu, kaka. Zinabaki ngazi mbili."

Ame akaitwa hata hivyo. Alikuwa mkwezi maarufu wa vijiji vile. Aliuzunguka mdoriani mara mbili, akaugonga kwa kisu, akatega sikio.

"Bi Kidawa, nshapanda kila mti wa kisiwa hiki tangu sijaota ndevu," alisema. "Huu sipandi. Tawi limeoza kwa ndani, nje halioneshi kitu. Litakuja kunambia nshakuwa juu."

Mcha akaupapasa mguu wake mbovu. Yeye ndiye aliyeambiwa hivyo na tawi, zamani.

Jumatatu Kidawa akaenda mjini kununua mabati ya jiko. Alipokuwa akikata vichochoro vya Mji Mkongwe kwa upande wa Malindi, akakuta watu wamesimama, vichwa vimeelekea juu. Palikuwa na mashine ndogo, upana wake kama gari la hamali, imetandaza miguu minne kama kaa. Mgongoni mwake mkono wa chuma uliojikunja ulikuwa unajikunjua polepole, pingili baada ya pingili, na kwenye ncha yake kikapu kimembeba mtu. Mtu yule alipanda bila kushika chochote, akapita dirisha la chini, akapita la kati, mpaka akafika kwenye roshani mbovu ya ghorofa ya tatu. Akaanza kupiga msumari kama aliyesimama chumbani kwake.

Kidawa alisahau mabati. Alisubiri pale mpaka fundi aliposhuka. Alikuwa mtu wa makamo, jina lake Munir.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine hii inakwenda shamba? Nna mti mrefu unataka kutuua."

Kidawa alitarajia ataulizwa mti una urefu gani. Munir akamwuliza ardhi ikoje.

"Mti hauiangushi mashine, mama. Inayoiangusha ni ardhi. Nije kwanza nione."

Alikuja Jumatano, na nondo ndefu mkononi. Aliupima mti kwa kivuli chake, akapima upana wa njia, akautazama waya wa umeme uliopita karibu na matawi.

"Nimesikia kuna lori lenye mkono mrefu zaidi," Kidawa alisema. "Kwa nini tusilete hilo?"

"Lipo. Lakini lina uzito, na mvua zimenyesha. Gurudumu moja likizama chini kwa shubiri moja, kule juu kikapu kinayumba kwa hatua nzima. Matawi yenu makavu yako chini ya kilele, ile ndogo inayafikia. Na waya ule lazima ukatwe umeme kabla hatujagusa kitu. Hilo sitanii."

Akaanza kuchoma ardhi kwa nondo, hatua kwa hatua, akitafuta pa kuisimamisha mashine. Mcha alikuwa kwenye kibao cha mbuzi, akikuna nazi na kumtazama kwa jicho la pembeni. Munir alipofika mahali pazuri, tambarare, karibu kabisa na mti, Mcha akaacha kukuna.

"Hapo sipo," alisema. "Zamani palikuwa na choo cha wachumaji. Baba alilifukia shimo kwa magogo na makuti, mimi mdogo."

"Panaonekana pagumu, mzee wangu."

"Choma."

Munir akachoma. Nondo ikashuka yote, ikamponyoka mkononi, wakaisikia inagonga kitu chini kabisa. Kidawa akapatazama pale. Majani makavu, udongo mwekundu, kuku wanaparua, na chini yake tundu lililokaa miaka yote likingoja uzito.

"Mzee Mcha," Munir akasema taratibu, "siku ya kazi nakuomba usiondoke hapa."

Siku ya kazi mafundi wa umeme walikuja asubuhi wakazima waya. Mashine ikasimamishwa upande wa pili, penye jiwe, na chini ya kila mguu pakawekwa ubao mnene. Kamba ikazungushwa ili mtu asipite chini ya mti. Bakar, mwenzake Munir, akabaki chini kwenye vitufe vya dharura.

Munir akaja mbele ya Mcha na mikanda mkononi. "Kikapu kinabeba watu wawili. Mimi najua mashine, wewe unajua miti. Nataka mtu wa kunambia tawi lipi zima na lipi limekufa."

Kidawa alitaka kusema hapana. Lakini Mcha alikuwa ameshampa mkongojo aushike.

Walimfunga mikanda mapajani na mabegani, wakamvisha kofia ngumu, wakaifunga kamba yake kwenye kikapu. Mkono ukajikunjua. Kidawa alimwona kaka yake anaondoka ardhini, vidole vimekaza ukingoni mpaka vimepauka. Akapita paa la nyumba. Akapita mikarafuu. Halafu, kule juu, mkono mmoja ukaachia ukingo, ukanyooka, ukagonga tawi kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Hili zima," sauti yake ikashuka. "Liache. Kata lile."

Msumeno wa mashine ukanguruma. Matawi yalikatwa vipande vipande, kila kipande kikateremshwa kwa kamba, hakuna lililoanguka. Ilipofika alasiri yote matatu yalikuwa chini. Mcha akashuka, akachukua mkongojo wake, uso wake umelowa machozi wala hakuyafuta.

"Nenda ukaone," akamwambia Kidawa.

Kidawa alifungwa mikanda ile ile akapanda na Munir, ameufunga mtandio shingoni. Alifumba macho mpaka upepo ulipobadilika, ukawa wa baridi, ndipo akafumbua. Mdoriani ulikuwa ubavuni mwake, majani yake kijani kwa juu na kwa chini yanang'aa kama shaba mpya, maelfu kwa maelfu, yanageuka pamoja. Chini yake mikarafuu ilikuwa mkeka. Upande wa magharibi aliiona bahari, na kwenye ukingo wake mji, mweupe, mdogo, unafunikika kwa kiganja. Akageuka mashariki. Nyuma ya minazi na mabonde, mbali, palilala mstari mwembamba wa mwangaza.

"Ile nini?"

"Chwaka, mama. Ghuba."

"Subhanallah," akasema, kwa sauti ndogo mno hata Munir hakumsikia. Miaka hamsini na nane alikuwa ameishi baina ya maji yale mawili, na hakuwahi kuyaona kwa jicho moja.

Aliposhuka, akakaa papo hapo kwenye vumbi la mbao. Shadya akatoka mlangoni na mtoto begani, akamwuliza kaona nini huko.

Kidawa akaufungua mtandio shingoni.

"Kumbe ni kisiwa kweli," alisema.

Halafu akainuka, akaenda kukifagia chumba cha nyuma, mtoto arudishwe.