Taulo ya Damu ya Mzee

Ukija kwangu na taulo mkononi ukaniambia, "Mama, nidarizie jina chapchap, nasubiri hapa hapa," nitakutoa mbio. Nishawatoa wengi. Wanasema nina mdomo, nina kisirani, eti uzee unanijia vibaya. Waseme. Mdomo wangu, siulipii kodi.

Taulo si shuka. Taulo ina vitanzi, vile vinyuzi vidogo vilivyosimama. Ukipitisha herufi juu yake kavukavu, vitanzi vinachomoza katikati ya uzi na jina linazama. Kwa hiyo chini unaweka karatasi ngumu ya kushikilia, na juu unatandaza nailoni nyembamba, ile inayoyeyuka kwenye maji, halafu unadarizi juu ya hiyo nailoni. Yenyewe inavilaza vitanzi, uzi unakaa juu. Ukimaliza unaichana, na mabaki unayafuta kwa pamba yenye maji. Taulo hiyo hata uifue miaka kumi, jina litasomeka. Na nailoni unaibandika kwa selotepu pembe zote nne. Huishiki kwa kidole. Nimesema, huishiki kwa kidole! Mimi niliishika, tazama hapa. Ukucha umepasuka katikati na mpaka leo haujaungana.

Mdogo wangu alikuwa bondia. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, mimi ishirini, basi nikawa dada na mama kwa mpigo. Nilikaa kwenye cherehani naye mgongoni. Alipokua akaenda kwenye ngumi, na ulingoni wakamwita Nyundo. Jina hakuliacha ulingoni. Milango yangu miwili ina mashimo ya ngumi zake, na shemeji yangu mmoja hana jino la mbele. Nilimpenda hivyohivyo. Ungefanyaje, na damu ni nzito kuliko maji?

Mwaka ule alikutana na bondia anaitwa Chuma. Chuma alimpiga mpaka akalala siku tatu bila kujua yuko wapi. Alipoamka sikio moja lilikuwa limekufa. Daktari alituita mimi na mjomba, akaiinua picha ya kichwa chake kwenye mwanga, akasema bila kuzunguka, "Huyu akipigwa tena hivi, ama mtamzika, ama mtamlisha kwa kijiko."

Miezi minane baadaye Nyundo akataka marudiano. Nililia, nikatukana, nikampiga kwa mwiko. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Na yeye alikuwa na moja limekufa kweli na la pili amelifunga mwenyewe.

Mjomba, kaka yake marehemu mama, ndiye aliyekuwa kocha wake. Akaja dukani akaniambia, "Mwanangu, kijana haambiliki. Nikimkataza atakwenda kupigana kwenye kona ya mtu mwingine, asiyemjua hata mama yake. Bora awe kwangu. Nikiona miguu imelegea tu, natupa taulo. Nakuapia kwa kaburi la dada yangu."

Taulo, kama hujui, ikitupwa ulingoni na kocha, pambano limekwisha. Lakini kwenye ukumbi ule palikuwa na sheria yake. Zamani shabiki mmoja mwenye roho mbaya alitupa taulo kutoka kwenye viti, pambano likasimamishwa, viti vikaruka, mtu akatolewa jicho. Toka siku hiyo refa akatangaza: taulo isiyo na jina la bondia, jina lililodariziwa, siyo la kalamu, anaipiga teke na ngumi zinaendelea. Kila taulo anaikagua kabla ya kengele.

Kwa hiyo unaelewa. Kichwa cha mdogo wangu kilikuwa kimeshikiliwa na herufi sita, na wa kuzidarizi nilikuwa mimi.

Mjomba aliniletea taulo nzito, rangi ya damu ya mzee, kwa kuwa walipangiwa kona nyekundu. Asubuhi ya pambano nikaifunga kwenye fremu ya mashine ya kudarizi, nikaweka uzi mweupe. Nyundo akaingia. Hakusalimia.

"Mweupe? Dada, unataka nionekane nimebeba bendera ya kuomba radhi? Weka mweusi."

Nikaona ya nini kugombana, mweusi juu ya nailoni utasomeka tu. Nikabadilisha uzi. Nikatafuta selotepu, imeisha. Nikasema si herufi sita tu, nikaitandaza nailoni nikaibana kwa kidole, karibu na sindano. Miaka ishirini na mbili ya kazi, nawafokea wengine kwa jambo hilohilo, na nililifanya mwenyewe. Mashine ikaanza, mishono mia saba kwa dakika.

"Na kwa nini iwe ya jina?" akauliza. "Mjomba ana taulo nyeupe tele."

Ningenyamaza. Lakini mdomo huu! Nikamwambia, "Ya kukutoa ulingoni ukiwa bado unajua jina lako."

Akanielewa polepole, nikamwona shingo inavimba. "Mmekaa chini mkapanga nishindwe? Wewe na Mjomba? Damu yangu?" Akanyanyua ngumi akaipiga meza.

Meza iliruka. Kidole changu kikaingia chini ya sindano. Ilipita kwenye ukucha ikatokea upande wa pili, ikapanda, ikashuka tena, ikapanda, ikashuka, mara ngapi sijui, mpaka ikakatikia ndani ya mfupa. Nilipoipata swichi, kidole kilikuwa kimeshonwa kwenye taulo, uzi mweusi unapita ndani ya nyama yangu. Nililia kama mbuzi anayechinjwa. Nilikata uzi kwa mkasi, nikavuta kipande cha sindano kwa koleo, mwenyewe, huku naye amesimama pale.

Unajua alisema nini? Alisema, "Si ungetoa kidole." Akatoka.

Nilifunga kidole kwa kitambaa. Ile nailoni ilikuwa imelowa damu ikayeyuka, ikabaki utando wa kunata. Roli lingine lilikuwa kwenye rafu. Hatua tatu! Selotepu ningeazima kwa fundi viatu, mlango wa pili. Lakini kidole kilikuwa kinapwita mpaka begani, na moyo umejaa nyongo. Si ungetoa kidole! Mtoto niliyemtafunia chakula! Nikasema, potelea mbali, nani atajisumbua kwa ajili ya mtu huyu. Nikageuza upande mwingine wa taulo, nikaweka sindano mpya, nikadarizi herufi sita kavukavu. Bila nailoni.

Nikailaza kwa kiganja. NYUNDO. Ilisomeka. Ikiwa kavu na imelazwa, taulo hukubali kila kitu. Nilijua ikilowa itakuwaje. Nataka usikie vizuri: nilijua. Nikajidanganya kwamba taulo ya kutupa hailowi, itakaa begani kwa Mjomba mpaka mwisho. Damu yangu ilikuwa imeingia humo kiasi, wala haikuonekana, rangi ilikuwa ileile.

Pambano lilikuwa alasiri. Refa aliishika taulo, akasoma kwa sauti, "Nyundo. Haya, sawa." Nikapumua.

Raundi ya kwanza mdogo wangu alimvunja Chuma pua. Nilisikia ilivyolia. Na mimi niliyelia miezi yote asipigane, nilisimama juu ya kiti nikipiga kelele, "Mmalize! Mmalize huyo!" Sikufichi. Raundi ya pili wakagawana. Ya tatu Chuma alimpasua juu ya jicho, nyama ikaning'inia, damu ikamziba uso. Kengele ikalia, akarudi kwenye kona anapapasa kamba.

Mjomba akamfuta kwa taulo nyeupe ya kwanza, ikajaa. Ya pili, ikajaa. Damu bado inatoka. Ndipo nikamwona anavuta ile ya begani. Anaichovya kwenye ndoo. Anaikamua.

"Mjomba, hiyo usiiloweshe! Mjomba!"

Watu mia nne walikuwa wanapiga kelele, nani angenisikia? Nikashuka kwenye kiti nikaanza kusukuma. Mtu akanipiga kiwiko cha mdomo, nikamng'ata mkono, nikapita. Kengele ikalia tena kabla sijafika.

Raundi ya nne haikufika dakika. Chuma alimpiga tumboni, kisha taya, na miguu ya mdogo wangu ikalegea. Mjomba alitimiza ahadi yake papo hapo, wala hakusita. Taulo ikaruka ikaangukia miguuni kwa refa.

Refa akaiokota kwa vidole viwili. Ilikuwa inachuruzika maji na damu. Vitanzi vyote vilikuwa vimesimama, vimezimeza herufi, uzi mweusi chini ndani ya wekundu ulioiva. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akatazama kwenye viti kana kwamba anatafuta mchokozi. Kisha akaidondosha akaipiga teke, ikatoka nje ya kamba.

Chuma hakuwa amengoja. Ana kosa gani, hakuna aliyemwambia aache. Alikuwa amembana Nyundo kwenye kamba na anapiga kichwa, kushoto, kulia, kushoto, kichwa kinakwenda na kurudi kama hakina mwenyewe. Mjomba alipanda ulingoni anapiga kelele, "Ni yangu! Taulo ni yangu!" na walinzi wakamvuta miguu, akaanguka kifudifudi. Nilihesabu. Toka taulo ilipoangukia miguuni kwa refa mpaka refa aliporuka katikati, ngumi ni tisa. Ya tisa ilimkuta hana habari, mikono inaning'inia. Alianguka mzimamzima, na nilisikia kisogo kinagonga mbao.

Taulo ilikuwa imeangukia miguuni kwangu. Niliiokota nikaificha ndani ya nguo, nikaenda nayo hospitali kifuani.

Mjomba alikaa sakafuni kwenye baraza la wodi, mzee mzima, anajipiga kifua. "Nimeilowesha mimi. Nimemwua mtoto wa dada yangu kwa mikono yangu." Alirudia siku nzima. Nilikuwa na neno moja tu la kumwondolea mzigo ule. Nikamwambia, "Usijilaumu, Mjomba, ni mipango ya Mungu." Nikaishia hapo. Hakufundisha ngumi tena. Mwaka haukwisha tukamzika, na neno lile bado liko kwangu.

Nyundo hakufa. Daktari alisema ama moja ama lingine, na tukapata lile lingine. Wiki za kwanza nilimlisha kwa kijiko kweli. Sasa anakula mwenyewe, anavaa mwenyewe ukimwekea nguo kwa mpangilio. Anashinda nami dukani. Ile mikono iliyotoboa milango imekuwa laini ajabu. Nimempa kazi ya pamba: nikimaliza taulo, yeye anafuta mabaki ya nailoni kwenye herufi, taratibu, tundu moja moja, hachoki. Kusoma hawezi tena. Kila taulo ananiuliza, "Hii ya nani?" nami namwambia.

Kumbukumbu zake za miaka ile zimefutika zote. Chuma hamjui. Ulingo haujui. Ukimwita Nyundo hageuki. Limebaki jambo moja tu, Mungu anajua kwa nini. Kila siku akikiona kidole changu anaacha pamba, anakishika, anakipuliza kama anayempuliza mtoto aliyeungua, anasema, "Pole, Dada. Niligonga meza."

Kila siku. Miaka sita.

Leo asubuhi nimeshindwa. Nimefunga mlango wa duka, nimeitoa ile taulo kabatini, nimemwekea mapajani. Nimemwambia yote. Nailoni kwenye rafu, hatua tatu, hasira yangu, Mjomba na kifua chake, ngumi tisa. Nimemwambia, "Si wewe, mdogo wangu. Ni mimi. Nilijua, na nikaacha." Nililia mpaka makamasi yakaingia mdomoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa lile sikio zima. Akapitisha kidole juu ya taulo, mahali herufi zilipozama, akitafuta nailoni ya kufuta. Hakuipata. Akauliza, "Hii ya nani?"

"Yako," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaiweka pembeni vizuri. Kisha akaushika mkono wangu, akakipuliza kidole.

"Pole, Dada," akasema. "Niligonga meza."