Wajina wa Mama Hedwiga

Mume wangu Reginald ni mtu mwema, ila ana papara. Siku ya tatu baada ya mimi kujifungua alikwenda usharikani akaandikisha jina la ubatizo la binti yetu: Midori. Hakumwuliza mtu. Kwetu Wachaga binti wa kwanza huitwa jina la bibi mzaa baba, na bibi huyo, Mama Hedwiga, alikuwa ameshaitangazia jumuiya nzima kwamba wajina wake amezaliwa.

Midori ni Mjapani aliyekaa nasi Maji ya Chai miaka miwili, akamfundisha Reginald kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha kikonyo cha aina bora kwenye shina la kienyeji. Miche hiyo ndiyo inayotulisha mpaka leo, kwa hiyo hata mimi jina nililipenda. Lakini mama mkwe akasema Jumapili hatakanyaga kanisani. Mwanangu abatizwe bibi yake hayupo? Nililia, siwezi kuficha.

Jumamosi asubuhi Reginald akakata jani la sale akampelekea mama yake. Ukipelekewa sale unaombwa msamaha, na kukataa ni mwiko. Mama akalipokea bila kumtazama.

"Nimekusamehe," akasema. "Kanisani siji."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikampigia Midori simu ya video, nikamweleza yote, kisha nikampa mama simu.

"Shikamoo, mama," Midori akasema, Kiswahili chake kile kile cha sokoni Tengeru.

"Marahaba. Hilo jina lako maana yake nini?"

"Kijani, mama. Kijani cha majani machanga. Wanasema zamani lilikuwa neno la chipukizi lenyewe. Nilizaliwa mwezi wa tano, kwetu milima yote ina majani mapya."

"Nani alikupa?"

"Bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa wamechagua jingine, akalikataa."

"Na wakanyamaza?"

"Wangefanya nini, mama?"

Mama Hedwiga akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Waliongea karibu saa nzima, wakatusahau kabisa. Alipomaliza akamgeukia mwanawe.

"Nenda kwa mchungaji sasa hivi, afute hilo jina uliloandikisha."

Reginald akaniangalia.

"Akishafuta," mama akaendelea, akimchukua mtoto mapajani mwangu, "mwambie aandike Midori. Amepewa na bibi yake."