Pale Mstari Unapoanguka

Demetria alikuwa amezoea kumwona kaka yake bila sauti. Kwenye kompyuta ya ofisini, Gozbert alifungua mdomo, akaandika ubaoni, akageuka na kunyoosha kidole kwa wanafunzi asiowaona. Chini ya picha yake ulipita mstari wa bluu, uliohesabu ni wangapi bado wanatazama. Macho ya Demetria yalikaa kwenye mstari. Ndiyo kazi yangu, alijiambia, na tangu wamzike Gozbert kule Muleba mwezi wa Machi alijiambia hivyo kila alipofungua somo lake na kuzima sauti.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Hapo walirekodi masomo ya sekondari kwa video, na wanafunzi waliyatazama kwenye simu. Maisa alishika kamera na kuhariri. Demetria alisoma takwimu: wapi wanafunzi wanarudia, wapi wanaruka, wapi wanachoka na kwenda zao. Kwa walimu wengi mstari uliteremka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi huku anaongea na simu. Wa Gozbert ulikwenda sawasawa mpaka katikati ya somo, halafu ukaanguka wima. Ilikuwa hivyo karibu katika kila somo. Wanafunzi waliondoka kwa pamoja, kama darasa lililosikia kengele.

Jumatano asubuhi Abdulhadi, mwenye kampuni, alikuja akasimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Haya masomo ya marehemu bado yako vilevile?"

"Bado."

Abdulhadi alikunywa funda moja. "Deme, kaka yako mie nilimpenda, unajua. Lakini shule zinazotulipa zinauliza kitu kimoja tu: mtoto kamaliza somo ama hakumaliza. Kwa Gozbert hawafiki hata nusu. Na Benson kesharekodi fizikia ya kidato cha pili yote. Kesho baada ya adhuhuri tunayatoa haya, tunaweka ya Benson."

"Kesho hiihii?"

"Labda uniambie kwa nini wanakimbia. Umejua?"

"Nimeyatazama mara nyingi."

"Sikuulizi kutazama. Umeyasikiliza?"

Demetria alishika kipanya cha kompyuta, akakisogeza, akakirudisha.

"Ripoti ya mwalimu ambaye hujamsikia siipokei," Abdulhadi alisema, bila ukali. "Hata kama ni ya kumwondoa."

Alipotoka, Maisa aliburuta kiti chake mpaka mezani kwa Demetria. "Usijiumize, shosti. Mafaili yote ntakuwekea kwenye flashi, ukae nayo nyumbani."

Demetria alitikisa kichwa. Flashi angeiweka kwenye droo pamoja na kitambulisho cha marehemu na saa yake. Hapa ilikuwa tofauti. Asubuhi hiyohiyo kuna mtoto mahali fulani alikuwa amebonyeza jina la Gozbert ili afundishwe. Hapa kaka yake bado alikuwa kazini, na kesho mchana wangemwachisha.

"Mie nahisi ni ndege," Maisa alisema. "Si unakumbuka alivyokuwa anazichukia? Ikipita moja ananyamaza, anaitazama dari mpaka iishe. Mtoto gani atakaa kumwangalia mtu anaangalia dari?"

"Ndege hazipiti katikati ya kila somo."

"Basi sikiliza."

"Sikiliza wewe. Si ulizihariri wewe?"

"Mie nasikilizaga kelele tu, maneno yananipita. Hata ukiniuliza nyenzo ni nini, ntakwambia ni wingi wa wenzo. Fizikia niliikimbia kidato cha pili, niirudie uzeeni?"

Demetria alicheka kidogo. Hakumwambia Maisa kilichomtisha. Sauti ya marehemu peke yake ilitosha kumtisha, lakini kulikuwa na kingine. Huenda angesikiliza na kugundua kwamba mstari unasema kweli; kwamba kaka yake, aliyekuwa akimfundisha hesabu kwenye kibaraza chao Yombo kwa vizibo vya soda, alikuwa mwalimu wa kuchosha. Asingependa kulijua hilo na mtu mwenyewe yuko kaburini. Na kama angelijua, ingembidi aliandike.

Alivaa hedifoni. Akazivua, akaenda kunywa maji. Akarudi, akazivaa tena. Alifungua somo la kwanza, akapandisha sauti kidogo kidogo, kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa.

"Habari zenu, wanangu wa mbali," Gozbert alisema.

Ilikuwa sauti yake, na lafudhi ya Kihaya ambayo miaka yote ya Dar haikuweza kuiondoa. Demetria aliziba mdomo kwa kiganja. Kwa muda hakusikia maneno, alisikia pumzi tu, na chaki, na kile kikohozi kifupi alichokuwa nacho kabla ya kusema jambo la maana. Ilibidi arudishe nyuma na kuanza upya.

Gozbert alieleza kwa nini mlango ni mzito ukiusukuma karibu na bawaba. Alieleza kwa nini fundi anatafuta spana ndefu. Demetria alielewa, na kuelewa kukampa matumaini, na matumaini yakamtia hofu zaidi, kwa kuwa mstari wa bluu ulikuwa unakaribia pale unapoanguka. Alijikuta ameshika ukingo wa meza. Hakuna ndege iliyopita. Gozbert aliandika swali ubaoni, akakohoa kidogo, akasogea karibu na kamera.

"Hapohapo, zima data. Bando ni hela ya mzazi wako, usiiunguze kwa kunitazama mimi. Zima, chukua kalamu, fanya hili swali kwa mkono wako. Usiangalie jibu kwanza. Ukimaliza, au ukishindwa kabisa, washa. Mimi nipo hapahapa, siendi popote."

Mstari ukaanguka.

Demetria alisimamisha video. Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta, na Maisa, aliyemwona, aliamka akaenda kufunga mlango ili watu wa dukani wakipanda wasiingie.

"Hawakukimbia," Demetria alisema hatimaye. "Kawaambia wazime. Wamezima."

Programu yao ilikuwa na kanuni iliyokuja nayo, na hakuna aliyewahi kuihoji: simu ikikatika zaidi ya dakika chache, huyo kaondoka. Akirudi, ni mtazamaji mpya. Demetria alikuwa akiwaona kila siku hao watazamaji wapya wa Gozbert, walioanzia katikati ya somo, akawaandika kuwa ni wavivu wanaoruka maelezo kutafuta majibu.

Alilisikiliza somo mpaka mwisho, kisha mchana kutwa akalinganisha namba za simu. Waliotoka kwenye swali walikuwa wamerudi, wengi wao: wengine baada ya saa moja, wengine kesho yake. Wapo ambao hawakurudi kabisa. Aliwatazama hao kwa muda mrefu, akatamani wasiwepo, kisha akawaweka kwenye ripoti pamoja na wengine.

Siku ya pili Abdulhadi alitoka kuswali adhuhuri, akaketi, akaisoma ripoti yote. Demetria alisimama.

"Unajuaje aliyerudi ni yuleyule aliyetoka?" Abdulhadi aliuliza.

"Namba ya simu, bosi. Ni ileile."

"Simu ya mama mmoja inashikwa na watoto wanne, Deme. Katoka kaka, kaingia dada yake. Hapo utasemaje?"

Hilo hakulifikiria. Maisa, kule kwenye meza yake, aliacha kubonyeza. Demetria alivuta kompyuta kwake, akaitazama ile orodha ya namba kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na ndipo akaona kilichokuwa mbele yake tangu jana.

"Dada yake angeanza mwanzo," alisema. "Hajaliona somo, angeanza mwanzo. Hawa wote wanaanzia palepale. Wanaanzia pale Gozbert anaposema, 'Haya, umerudi, tuone umepata nini.' Anayejua kuna mahali pa kurudi ni yule aliyeambiwa arudi."

Abdulhadi alichukua hedifoni za Demetria, akazivaa juu ya kofia yake, akabonyeza. Walimwona akisikiliza, halafu wakamwona anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kaniambia nizime," alisema. "Kwenye ofisi yangu, na bando la kwangu."

"Ndivyo alivyo," Demetria alisema, kisha akajirekebisha. "Alivyokuwa."

"Yatabaki. Lakini hiyo kanuni siwezi kuibadilisha kwa maneno. Nataka kila somo lake liwekewe alama pale aliposema wazime, ili mashine ijue kumsubiri mtoto. Asiposema, wakatoka, basi wametoka kweli, na tutajua. Yote yasikilizwe, mwanzo hadi mwisho."

"Maisa anaweza—"

"Maisa anasikiliza kelele. Utasikiliza wewe."

Demetria aliketi. Yalikuwa masomo mengi, mihula miwili ya mwaka mzima, na kila moja lina sauti ile. Hakujua kama ataweza. Alivaa hedifoni, akafungua la pili.

Lilikuwa la pembea ya ubao, ile wanayokalia watoto wawili huku na huku. Mtoto wa kilo thelathini kakaa mita mbili kutoka katikati. Wa kilo arobaini akae wapi ili ubao usilale upande? Gozbert alikohoa kidogo, akasogea mbele, akawaambia wazime. Demetria aliweka alama mahali pale. Kilichobaki kilikuwa kuendelea tu. Mkono wake ulikaa juu ya kipanya, haukubonyeza.

Maisa alimtupia jicho. "Vipi, umekwama?"

"Hapana," Demetria alisema, akivuta karatasi na kutafuta kalamu. "Kanipa swali."