Uso Huchongwa Mwisho

Dismasi Nampunju analala mchana kweupe, chali juu ya vumbi kuukuu la mpingo bandani kwake, patasi mkononi, na usingizi wenyewe si wa uchovu, ni wa hasira. Asubuhi ametoka tena kwa wakubwa kudai sanamu ya marehemu mkewe, na tena ameambiwa, mzee, njoo Jumatatu. Jumatatu ya mwaka wa pili hiyo. Apolonia alianza kuchongwa akiwa hai, amekaa kigodani anapukuchua mbaazi huku akimtania mumewe, nipunguze kiuno basi, na mimi nijione. Dismasi akamaliza miguu, akamaliza viganja, akamaliza bega la kushoto lililolala upande tangu siku alipoanguka na kuni, akaacha uso, maana kwa baba yake uso huchongwa mwisho: mti ukishapata macho unakutazama, na utaona haya kuupiga nyundo. Kabla ya uso ikaja homa. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wa mheshimiwa. Arobaini haijafika, wakubwa haohao wakaja kuichukua sanamu kwa maonyesho, hivyo hivyo bila uso, wakasema huo ndio usasa. Picha moja ya Apolonia, ya kitambulisho, imefifia ikabaki weupe mtupu. Na sasa, jambo ambalo Dismasi hajamwambia mtu, akifumba macho anaona kilemba, anaona mikono, lakini uso haumjii.

Vumbi linafunguka chini yake kama ufa wa gogo, naye anaingia. Ndani kuna barabara, na barabara ikipinda inakuwa ileile, na mbele yake anatembea mwanamke asiye na uso, mahali pa uso pako laini kama kijiko. Unamtafuta nani, anauliza bila kugeuka. Mke wangu. Yuko wapi? Ningejua ningekuja kulala huku? Yuko pale alipoachwa, anasema mwanamke, na Dismasi anasonya, maana majibu ya namna hiyo amekwisha kuyasikia ofisini. Wanafika mji wa kuta zilizochorwa, na watu wake wote wanakwenda upandeupande, miguu upande, uso upande, lakini kifua na jicho vimekugeukia wewe. Bwana mmoja ni mrefu kama mlango, na watumishi wake wanamfika magotini. Mbona huyu jitu, Dismasi anauliza. Si jitu, anajibu mtumishi kwa sauti ya chini, ana cheo. Kumbe hata huku! Dismasi anatema mate na kupita. Kuta zinageuka kuwa mji wa mawe meupe, vijana watupu, vifua kama ngoma, wengine mikono imekatika, na hakuna hata mmoja mwenye tumbo lililozaa. Wazee wenu mmewaweka wapi? Sisi, anasema kijana asiye na mikono, tulichongwa inavyopasa tuwe. Aliyesema inapasa ni nani, Dismasi anafoka, na mawe yanayeyuka yanakuwa karatasi, milima ya wino mpaka juu, na chini kabisa kiumbe kidogo kama sisimizi kinavuka daraja, kinamwamkia, shikamoo baba, mimi ni mtu mzima, ila huku mlima ndio mkubwa. Marahaba. Hawa angalau wana adabu, anawaza. Kisha karatasi inakunjika, na anapokelewa na bibi ambaye kichwa chake ni robo ya mwili wote. Karibu, mwanangu, usishangae, mtu anakaa humu kichwani, miguu ni ya kukibebea tu. Na Dismasi karibu alie, maana hivyo ndivyo alivyomchonga Apolonia, kichwa kikubwa, chenye kukaa mtu.

Lakini barabara haijaisha, mwanamke asiye na uso anamwita, twende, nimechoka kusimama. Mji wa mwisho ni wa vioo, kila ukuta unamrudishia Dismasi mwenyewe, mzee, mchafu, na langoni yupo Bwana Afisa, yuleyule wa njoo Jumatatu, na suti yake ya kaunda, futi ya fundi cherehani shingoni. Binadamu ni vichwa saba na nusu, anasema akipima. Huyu wako ana vinne. Arefushwe. Mke wangu uliwahi kumwona, bwana? Si lazima, mzee, tuna vipimo. Vipimo! Gari la wagonjwa mlilipima? Mwanamke anampita Afisa, anapanda jukwaani nyuma ya kioo, anatulia, na bega lake la kushoto linalala upande. Viganja vimekunjwa kama vyenye mbaazi. Miguuni kuna kibandiko, na Dismasi anasoma herufi mojamoja kama alivyofundishwa darasa la pili: MWANAMKE. MCHONGAJI HAJULIKANI. Hajulikani? Hajulikani na mimi nimesimama hapa, nimewapigia hodi miaka miwili! Kioo kinavunjika kwa nyundo au kwa sauti, hajui. Umenikawiza, baba Severini, anasema Apolonia. Mama Severini, uso wako umenitoka. Basi usichonge ulivyoniona, chonga nilivyokuwa nikikutazama. Hapo patasi inajua njia. Mdomo uliokuwa tayari kucheka na kugomba kwa wakati mmoja. Jicho la kulia, wazi. Mzee, unaharibu mali ya serikali, Afisa anapiga kelele. Jicho la kushoto, limefinywa, vile alivyomfinyia kila alipomdanganya.

Anaamka. Simu inaita, anaiweka sikioni. Mzee Nampunju, inasema sauti ya Bwana Afisa, safari hii haina ubwana, umemtuma nani huku? Sanamu ina uso. Inamtazama nani, anauliza Dismasi. Inanitazama mimi, kila ninapokwenda. Kwa macho yote mawili? Moja imelifinya. Basi kuna uongo umemwambia, anasema Dismasi, mwombe radhi umrudishe nyumbani, leo, si Jumatatu. Anasubiri jibu. Jua linapita kwenye matundu ya bati, na ndipo anakumbuka kwamba simu yake iko dukani kwa Nantende tangu jana, inachajiwa. Anachokishika sikioni ni patasi. Ina joto, na kwenye makali yake kuna vumbi jeusi, bichi, la mpingo ambao bandani hamna tena.